Kura Mbili za Shukriya

Nizwa, 9 Aprili 1983

Mwanangu Shukriya,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, na gari langu jipya hata wali, mkuu wa mji huu, hana mfano wake.

Barua yako niliisoma barazani kwa sauti. Watu wakastaajabu kuwa jimbo lenu hapo Hamburg limeshikwa na chama kimoja tu tangu 1949, na kuwa kila mtu ana kura mbili, moja ya mbunge na moja ya chama, nawe umezipiga zako. Nikawaambia, "Hayo madogo. Mimi Unguja mwaka 1957, mgombea aliponiona foleni tu, wallahi, akaagiza pilau la ushindi."

Wakacheka wote isipokuwa mamako, aliyekuwa mlangoni. Akaniuliza, "Kaka, kwani huko wageni hupiga kura?"

Nikaifungua barua tena. Mwanangu, hukutwambia kuwa umechukua uraia wao, na mamako akaingiwa na hofu kuwa hutarudi tena.

Asubuhi yake alikuja na kahawa, ameshatulia. "Mwandikie," akasema, "kura zikiwa mbili, moja awape wao. Ya pili aje nayo hapa nyumbani."

Nimemwahidi utakuja Idi. Na mimi unanijua, sijapata kusema uongo, usinianzishe uzeeni.

Mjomba wako akupendaye,
Thuwaini