Suti ya Baba Haitarudi Agosti

Garissa,
Jumapili, 10 Julai 1966

Mpendwa dada Wanjugu,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua imewaachia walau siku moja ya kuanika kahawa. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie dawa ile ni ya kupaka, si ya kunywa, maana namjua. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hapa kila kitu kimekonda, hata mbuzi.

Barua zako zote tatu nimezipata, pamoja na ile uliyopiga mistari minne chini ya neno suti. Nimekuelewa, dada. Lazarus anaoa tarehe ishirini Agosti, anataka kusimama kanisani ndani ya suti ya baba kama baba mwenyewe alivyosimama siku aliyofanywa mzee wa kanisa, na kaka yake ameikalia huku Garissa. Kabla hujanikasirikia zaidi, niache nikueleze ninaishi na watu wa namna gani.

Unakumbuka niliiomba suti hiyo mwaka juzi kwa ajili ya Chama cha Udugu wa Tana. Ni chama chetu sisi makarani, walimu na watu wa hospitali tuliotoka bara. Tulikianzisha kwa sababu moja tu: mtu wetu akiuawa njiani na waasi wa Kisomali asirudishwe kwao amefungwa turubai, bila hata mmoja wa kueleza jina lake. Jambo jema kabisa. Kisha tukamchagua Bwana Elkanah, mtunza ghala la hospitali, awe mwenyekiti, na tangu siku hiyo sijapumua.

Bwana Elkanah alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika jumba la Wafrimasoni, kile chama cha siri cha wazungu, huko Bonde la Ufa, enzi zao. Akatuletea sheria zao za mavazi. Suti nyeusi, shati jeupe, tai nyeusi, soksi nyeusi, viatu vyeusi vinavyong'aa, glavu nyeupe, na juu ya hayo yote aproni nyeupe yenye ukingo wa buluu. Hapa Garissa! Saa tisa mchana, kwa kuwa saa kumi na mbili amri ya hali ya hatari inataka kila mtu awe ndani kwake. Tunakutana kwenye ghala la mabati, dada, na glavu tumevaa.

Mkutano huchukua saa mbili, na saa moja na nusu kati ya hizo ni ukaguzi. Anapita mbele ya kila mtu na leso mkononi, anafuta viatu, anapima tai kwa vidole. Asiyetimiza anasimama nje ya mlango mpaka mwisho. Mwalimu Kasyoka alisimamishwa nje kwa sababu ya soksi za kahawia, siku tuliyokuwa tukipanga mazishi ya binamu yake aliyeuawa karibu na Modogashe. Ikabidi tumuulize jina la kijiji chao kupitia dirishani. Nilimwendea Elkanah baadaye nikamwuliza, hao Wafrimasoni wakishamaliza kuvaa walikuwa wakifanya nini? Akanijibu kwamba yapo mambo yasiyosemwa. Nilikaribia kumvua hiyo tai yake.

Aproni zetu alizishona Gelle, fundi Msomali mwenye cherehani mkabala na hospitali. Ni mtu mpole, mwenye mke aitwaye Lul na mabinti wawili. Ndiye aliyeirekebisha suti ya baba inikae, maana unajua baba alikuwa mrefu. Alipoishika mara ya kwanza aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kola, akaniambia, "Walaal, hii koti ilishona fundi kweli. Mimi nabunguza mguu ya suruali tu, koti siguse." Tangu hapo ananiita walaal, yaani ndugu, na chai yake nimekunywa kuliko ninavyokunywa yangu.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi wa tano. Lori lilikanyaga bomu barabarani, na kesho yake, saa nne asubuhi, gari la vipaza sauti likapita likitangaza kwamba wanaume wote wa Kisomali waende uwanjani na vipande vyao vya utambulisho. Asiye na kipande wala mtu wa kumdhamini atapakiwa lorini, na waliopakiwa mwezi uliotangulia mpaka leo hakuna anayejua waliko. Mimi nilikuwa kwa Gelle kuchukua suti, aliyokuwa ameipiga pasi. Kipande chake kilikuwa kimekaa miezi mitatu katika ofisi moja nisiyotaka kuitaja, kikisubiri muhuri. Lul alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Niliwaona askari wakiingia duka la tatu kutoka letu.

Sikufikiri, Wanjugu. Nilimwambia avae. Alikata pindo la suruali kwa wembe, ikashuka mpaka ilipokuwa inashuka kwa baba. Nikamfunga tai, nikampa glavu zangu, nikamfunga aproni aliyoishona mwenyewe. Miguuni alikuwa na makubazi ya tairi, na viatu vyangu havikumwingia hata nusu.

Sajini alipoingia na watu wake alimtazama kwa muda mrefu. Nikamwambia huyu ni mwanachama wetu wa Udugu wa Tana, chama kinachotambuliwa na serikali. Sajini hakuwa mjinga. Akatuma mtu ng'ambo ya barabara amwite mwenyekiti.

Hapo ndipo nilipoona tumekwisha, maana nilimjua anayekuja. Bwana Elkanah aliingia akijifuta jasho, akasimama mbele ya Gelle, akaanza ukaguzi. Naapa, dada, alianza ukaguzi, bunduki tatu zikiwa mlangoni. Akatazama tai. Akatazama kola. Akashuka polepole mpaka kwenye makubazi, akayaangalia, akapanda tena. Mtu huyu hajawahi kusamehe hata kamba ya kiatu. Kisha akamgeukia sajini.

"Glavu yake ya kushoto ina doa la mafuta," akasema. "Jumamosi aje na safi. Ni ndugu yetu."

Makubazi hakuyataja. Sajini aliandika kitu kwenye daftari, wakaenda zao, na Lul akaketi sakafuni.

Kwa hiyo yule mdudu niliyekuandikia kwamba ametoboa suti hayupo. Nilikudanganya, na nimekudanganya mara mbili, kwa kuwa sikuthubutu kuweka haya kwenye posta. Barua hii anakuletea Mueni, nesi wa hapa anayekwenda likizo na msafara wa malori. Ukishaisoma ichome. Ukweli ni kwamba suti ya baba inavaliwa na Gelle kila Jumamosi, na itaendelea kuvaliwa. Jina lake liko kwenye daftari la sajini, na sajini hukaa kwenye kizuizi cha barabarani akiwahesabu wanaopita kwenda ghalani. Jumamosi moja Gelle akipita na macawis yake, kikoi chake cha Kisomali, kiunoni, sote wawili tumekwisha, na Elkanah wa tatu. Kitambaa cheusi hakijafika mjini tangu Januari.

Na mimi, kwa kuwa sina suti, nasimama nje. Ndiyo, Wanjugu. Elkanah amesema sheria ni sheria. Kila Jumamosi nimesimama juani na kaptura yangu ya khaki, na ndani namsikia fundi wangu akisifiwa tai. Wakati wa swala ya alasiri anatoka, ananipa glavu nimshikie, anaswali kando yangu, anarudi ndani.

Jana Elkanah alitoka, akasimama nami kivulini. Akaniambia kwamba miaka ile yote kumi na mmoja alipiga pasi, akafuta vumbi, akamkabidhi kila mzungu glavu zake, kisha mlango ukafungwa naye nje. "Mimi najua nguo peke yake, Muriuki," akaniambia. "Walichokuwa wakifanya ndani sijui mpaka leo." Akanikunjua kola, akaniambia nisimame wima, akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa mkono huohuo wa Mueni utapokea koti. Ni la khaki, ndicho kitambaa kilichopo. Gelle amelishona kwa vipimo vyangu, akaongeza mabega nilipomwambia Lazarus ni mpana. Pindua kola uangalie mshono. Ameufuata wa baba hatua kwa hatua, akiwa ameiweka suti mezani mbele yake siku mbili. Lul ndiye aliyeshona vifungo. Mwambie Lazarus asilipeleke kwa fundi mwingine.

Kwenye harusi sitafika, msafara wa Agosti umejaa wanajeshi. Nisalimie mama, shemeji na watoto, na umwambie bibi harusi kwamba shemeji yake anamkaribisha kwetu kwa moyo wote. Gelle na Lul wanakusalimu, ingawa hawakujui. Na unapojibu, nakuomba, usitaje suti.

Mimi nduguyo akupendaye,
Muriuki