Mwezi Niliokataa Nyungu ya Mama

Jumatano, 20 Agosti 1975

Mazoezi tangu asubuhi. Vumbi, joto, ampli inakoroma. Mukalay kakosea tena mwanzo wa ule wimbo mpya. Mpiga gitaa mzuri, kichwa kigumu. Sauti yangu ilikuwa safi. Hapa hakuna wa kunicheka, basi niseme wazi: ilikuwa safi sana.

Mtoto wa kwaya ya kanisa la Kasaji, leo redio ya Lubumbashi inapiga nyimbo zangu na Kolwezi nzima inanijua hata kwa kikohozi. Nyumbani kwema. Ngoya ni mke mwema, watoto wanakua. Lakini kuna kitu nakitaka na nimeamua. Keshokutwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimesilimu.

Shahada mbele ya mzee wetu Tata Ramazani na wazee wengine wa msikiti. Msikitini naitwa Yusufu. Kwenye karte ya utambulisho nabaki Kabamba, maana serikali haitaki majina ya kigeni, nami sina ugomvi na serikali.

Kwa nini? Tata Ramazani ana lori, ndilo hubeba vyombo vyetu tukienda kupiga nje ya mji. Njiani husimama, hutandika mkeka kwenye vumbi, huswali, hukunja, tunaendelea. Hakuna anayempigia makofi. Wala hageuki kutazama kama tunamtazama. Mimi bila makofi hata kuoga nilikuwa sioni raha. Nikamwonea wivu. Kama kuna sababu nyingine ya kisomi, siijui.

Jumapili, 24 Agosti

Jana baa ilifurika. Mashabiki wametuma bia jukwaani kama kawaida, nami nikazipitisha nyuma kwa wapiga ngoma. Wanasema afadhali waimbaji wote wasilimu. Mukalay anasema sauti bila bia itashika kutu. Haijashika.

Nimewaomba wenzangu wa bendi ruhusa ya mwezi wa Ramadhani. Wamenung'unika, wamekubali. Mwenye baa ndiye amenuna zaidi. Shauri yake.

Nina furaha. Kama mtu aliyevua kiatu kilichombana.

Jumatano, 3 Septemba

Habari kutoka Kasaji: Mama anakuja kwa treni kuona wajukuu. Hajui kitu.

Mama alilelewa na bibi yake, na bibi yake alilelewa na hofu. Batambatamba, wateka watumwa wa Kiislamu, walimchukua dada wa bibi huyo shambani, akiwa bado na jembe mkononi. Hakuonekana tena. Mpaka leo Mama akiona mtu wa kanzu, anavuka barabara.

Ngoya anasema nimwambie siku ya kwanza. Nimesema ndiyo. Najijua. Sitasema.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama kafika jana. Samaki wakavu, unga wa mihogo, asali ya msituni. Hata hakupumzika, akapika bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya mihogo. Ilikuwa mchana, nimefunga. Nikasema tumbo linauma.

Jioni nimefuturu kwa Tata Ramazani kama kila siku tangu mwezi uandame. Nikaswali, nikarudi nimeshiba. Sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa. Nikamwambia nilikula mazoezini. Leo mambo yamekuwa yale yale. Uongo ni mwepesi mdomoni. Baadaye ndio unalemea.

Jumapili, 14 Septemba

Mukalay alikuja nyumbani nikiwa msikitini. Akamuuliza Mama nitarudi lini kwenye orchestre, bendi yetu, maana mazoezini hawanioni tena. Hakujua kwamba ananichongea.

Niliporudi Mama alinisogelea. Alinitazama midomo. Ilikuwa bado inang'aa mafuta ya mbuzi wa Tata Ramazani.

Ngoya hasemi nami. Ana haki.

Jumanne, 16 Septemba

Ngoya karudi kutoka robineti, bomba la mtaa, analia. Jirani yetu Mama Feza kasema mbele ya wanawake wote: yule mwimbaji anakula kila mahali isipokuwa kwa mama yake, lazima kuna analolijua.

Kwetu neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Mtoto akikataa nyungu, chungu cha chakula cha mama yake mzee, amekwisha sema kwamba mama ni mulozi, mchawi. Hata kama mdomo ameufunga. Kuna wazee waliofukuzwa vijijini kwa jambo dogo kuliko hilo. Nami ni mtu wa redio. Nikikohoa mji unasikia, nikiacha bukari mji unasikia pia.

Mama kasikia. Jioni hakupika. Amekaa chumbani, mlango wazi, mikono mapajani. Nimepita mara mbili bila kuingia.

Mimi ni mjinga mkubwa.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nimemkuta amefunga mzigo. Anataka treni ya Kasaji.

"Mi nilikuzaa," kasema. "Kama unaona niko mulozi, uniambie ku macho."

Nikapiga magoti. Nikasema yote: msikiti, mwezi wa kufunga, futari kwa Tata Ramazani, tumbo la uongo. Kisha nikangoja laana.

"Ni Mungu tu?"

"Ni Mungu tu, Mama."

"Na njo unaacha batu banitukane ku robinet? Juu ya Mungu? Haukuona haya?"

Akanipiga kichwani kwa kitambaa chake, akarudia, akarudia. Halafu akacheka. Halafu akalia. Mimi nilikwisha mtangulia kulia. Ngoya mlangoni alikuwa anacheka peke yake.

Kisha uso wa Mama ukabadilika. "Lakini bale batu, Kabamba. Bale njo balikamata dada ya nkambo." Nkambo ni yule bibi aliyemlea. Mzigo ameufungua nusu. Nusu nyingine bado imefungwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Tata Ramazani kaja mwenyewe baada ya swala. Nilimweleza hofu ya Mama, hakuchukia. Mama hakumpa mkono. Yeye akavuta kigoda, akakaa chini kuliko Mama.

"Mama, nkambo yangu balimukamata mutoto kabisa. Balimulea mu dini yabo. Hata kwabo ni wapi, hakujuaka."

Mama akauliza jina la huyo nkambo. Akatajiwa.

"Basi na ye, mama yake alimulilia."

Akamwita Ngoya amletee mgeni maji. Akakumbuka kwamba mgeni amefunga, akapiga ulimi, akaomba radhi. Tata Ramazani kacheka. Wameongea habari za Kasaji na barabara mbovu mpaka nikachoka kusikiliza. Jioni nimeona mzigo wote umefunguliwa, nguo zimekunjwa juu ya kitanda.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo wamenipa kuadhini kwa mara ya kwanza. Vijana wa baa walikuwa wanapita. Nilipomaliza, mmoja akapiga kelele "Bis!" na wenzake wakapiga makofi, wanataka nirudie. Wazee wakanigeukia. Tata Ramazani alicheka mpaka akashika ukuta.

Niseme ukweli: makofi niliyapenda. Kuyaacha ndiyo kazi iliyobaki.

Mama alisikia kutoka nyumbani. Anasema mwisho nilivuta mno. Alinisema hivyo hivyo kwenye kwaya.

Mukalay anasema nikirudi jukwaani baada ya Idi, mashabiki watanitumia chupa za sucré, soda yetu, badala ya bia. Mwenye baa kafanya hesabu, sucré nayo inauzwa, hanuni tena.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza jana. Vumbi limelala, hewa nyepesi.

Alasiri Mama kakataa kupikia jikoni. Katoa mbabula, jiko la makaa, nje, mbele kabisa ya lupango, kiwanja chetu, pale wanapopita watu wote. Kasonga bukari taratibu. Kapanga sahani, kakaa, kangoja jua lizame pamoja nasi.

Adhana iliposikika nikanywa maji. Mama akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akala yeye kwanza. Akakata la pili, akanitia mdomoni kwa mkono wake, mimi mwanamume mwenye ndevu. Nikala. Tamu.

Mama Feza alikuwa anapita na ndoo kichwani. Aliona yote. Akapunguza mwendo, hakujua atazame wapi.

"Karibu, Mama Feza," Mama kasema. "Bukari iko mingi."

Akasimama kidogo. Kisha akatua ndoo, akanawa mikono, akakaa kati ya Mama na Ngoya, akala.