Korongo kwa Jicho Moja

Alhamisi, 12 Machi

Bosi kaniita ofisini. Miaka yote hii nimeongoza watalii korongoni, sasa ananihamishia dirishani, nikate tiketi. Kisa—jicho. Presha ya macho imelila la kushoto, eti sitaweza tena kupima kina, wageni wataogopa. Ukipenda, chongo huita kengeza. Huyu hanipendi tena. Kaita chongo, tena mbele ya dereva!

Ijumaa, 13 Machi

Kaka kaja jioni. Eti nishukuru Mungu, kazi ya kivulini hiyo. Nikamwambia kesho ni siku yangu ya mapumziko, napita korongo zima, geti la juu hadi la chini. Peke yangu. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumamosi, 14 Machi

Geti la juu. Mlinzi kauliza wageni wangu wako wapi. Nimemwambia leo mgeni ni mimi.

Kuta zimebana, anga ni utepe tu. Mchanga unameza miguu. Vivuli ndivyo vinavyonidanganya—shimo naona doa, doa naona shimo. Natanguliza fimbo. Polepole, lakini naenda.

Mchana. Jua kali. Nimeanguka. Kwenye ngazi za mawe nilidhani ni hatua fupi, kumbe kimo cha mtu. Goti limepasuka. Nimekaa nikalia, hakuna wa kuniona. Bosi alisema kweli kuhusu kina. Haya, kweli yake. Lakini hakusema kama nitainuka. Nimefunga goti kwa kitambaa cha kichwa. Ngazi zilizobaki nimezishuka kwa makalio, kama mtoto mdogo. Si zimeshukwa!

Geti la chini naliona! Ila gari la ofisi limeingia ndani kunipokea upande huu. Bosi, na kaka kando yake—kumbe alikwenda kunichongea. Kaka kaona damu, kakimbia kunishika mkono. Nimeutoa taratibu. Bosi kasema nipande, mengine tutayazungumza Jumatatu dirishani.

"Jumatatu nitakuwa geti la juu," nimemwambia. "Ukinitaka, njoo huko."

Kafungua mlango wa gari, kauacha wazi. Mimi niko juu ya jiwe, nakung'uta mchanga kwenye buti, naandika. Kaka ananisihi, dada, hapo getini ni pua na mdomo, panda tu.

Ni pua na mdomo, ndiyo. Lakini geti sijalivuka kwa miguu yangu. Wangoje. Nafunga kamba ya buti la pili—