Aina Tatu Zangu na Moja ya Mama Anna

Mdogo wangu Paulina,

Nansio hamjambo? Huku Mwanza upepo wa ziwa unatupokonya kanga, na mimi wivu umenijaa. Jana wanawake tuliopimwa hospitalini tulichukua majibu ya vipimo vya shingo ya kizazi. Mimi nimekutwa na aina tatu za virusi vya HPV, vile vya kuambukizana kitandani! Nikamlaani shemeji yako kimoyomoyo: kila kambi ya dagaa ana mwanamke wake. Jirani yangu kwenye benchi, Mama Anna, ana aina moja tu, na mumewe kamletea sato wa kukaanga. Roho iliniuma, nikamtazama kwa jicho baya.

Kumbe hiyo moja yake imeshaleta kansa. Zangu zimeleta mabadiliko ya mwanzo tu, kesho watayagandisha kwa baridi kali yafe. Halafu nesi kasema aina zote tatu zaweza kutoka kwa mtu mmoja, tena tangu zamani.

Mama Anna akanisogezea sato. "Kula dada, mimi sina hamu tena." Nikamega kipande, kingine nikamtilia yeye mkononi.

Sasa wivu umehamia kwako, unayelala fofofo bila kupimwa. Panda meli uje upimwe, na mimi nipate usingizi.

Dada yako akupendaye,
Veronika