Themanini na Nane kutoka Mombasa

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Nimeamka kabla ya Ouma tena. Nikamtazama akilala, mdomo wazi kidogo. Mume wangu. Bado naandika neno hilo kisha nalitazama kama pete. Chai, mkate, busu mlangoni. Nikatembea kutoka mtaa wetu wa Migosi, hapa Kisumu, hadi kazini na sikumbuki barabara.

Teleksi ilikuwa inagonga nilipofungua ofisi. Mombasa, yule wa kwa wakala wa meli, anataka uzito wa minofu ya samaki aina ya mbuta ya wiki hii. Hatujawahi kuonana. Mimi naandika hapa, herufi zinajichapa kule, naye ananijibu papo hapo. Nikimaliza kazi ya kampuni nampa habari zangu. Leo nilimwambia kwamba Jumamosi naenda Bondo, mama mkwe ananipa jiko. Akaandika HONGERA KISUMU SAFARI NJEMA 88. Nami nikamjibu 88. Ndivyo tunavyofunga maongezi siku zote.

Jiko langu. Mpaka sasa tukienda kwa kina Ouma napikia jikoni kwa mama yake, kwa sufuria zake, macho yote mgongoni mwangu. Jumamosi ataniwekea mafiga katika nyumba ya Ouma, na hapo ndipo nitakuwa mke wa pale, si mgeni anayesaidia kuosha vyombo. Nalitaka jiko hilo kuliko nilivyolitaka gauni la harusi.

Jumanne, 4 Agosti

Akinyi alikuja ofisini saa ya chakula. Dada mkubwa wa Ouma. Yeye ni opereta wa simu hapa mjini, na hujiona mkaguzi wa ndoa yetu. Alitaka tupange safari ya Bondo. Alinikuta nikiongea na Mombasa, akasimama nyuma yangu mpaka nikafunga. 88, 88. Akauliza huyo ni nani. Nikasema rafiki yangu wa Mombasa.

"Rafiki," akasema. Hivyo tu. Akaondoka bila kugusa chapati niliyomnunulia.

Ajabu. Nikaila mimi. Ouma alinipokea kwa nyimbo, hajui kuimba, nampenda.

Jumatano, 5 Agosti

Siku mbaya.

Ouma amekula samaki bila kumsifu. Huwa anasifu hata chumvi. Mwishowe akasema. Kwa Akinyi na wenzake wa simu, 88 ni neno la zamani, la tangu enzi za kutuma habari kwa kugonga waya. Maana yake busu na mapenzi. Akinyi ameniona kwa macho yake nikimtumia mtu wa Mombasa, tena nikitabasamu. Ameshafikisha habari Bondo. Mama mkwe amejibu kupitia mtu aliyekuja sokoni leo: jiko lingoje.

Nilicheka. Lilikuwa kosa. Ouma alitoka nje akasimama uani peke yake.

Sikujua. Aliyekikalia kile kiti cha teleksi kabla yangu alinifundisha hivi: ukimaliza kuongea, piga 88. Nikapiga. Kwa Mombasa, kwa mafundi wa laini, kwa karani wa forodha, hata kwa Mzungu mmoja wa Rotterdam aliyekuwa akigomba kuhusu barafu. Nimebusu bandari nzima.

Nina aibu. Nina hasira na Akinyi. Ila woga sina. Ninayempenda namjua, na yumo humu ndani, amenigeuzia mgongo kitandani.

Alhamisi, 6 Agosti

Sikumbembeleza. Nilimwambia twende kazini pamoja. Shule zimefungwa, naye ni mwalimu, hana pa kukimbilia. Ningeweza kutangulia na kumwonya Mombasa. Nilikataa. Nikimwonya, jibu lake halitakuwa na thamani.

Nikamkalisha Ouma kwenye kiti changu, nikamwambia aulize mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja: MIMI NI MUME WA KISUMU. 88 NI NINI.

Mashine ikanyamaza. Je, kama huko wanajua? Kama ni mimi tu nisiyejua?

Kisha ikaanza kugonga. HABARI SHEMEJI. SIJUI. NI KAMA KWAHERI. NILIIKUTA HAPA OFISINI. KWANI NI NINI.

Ouma akaisoma, akaisoma tena. Akaandika: BUSU NA MAPENZI.

Halafu: MUNGU WANGU. NIMEMWANDIKIA MKUBWA WA FORODHA MIAKA YOTE HII.

Ouma alicheka mpaka akalaza paji la uso juu ya mashine. Mombasa akaomba radhi, akatupongeza, akafunga kwa 88. Halafu haraka haraka: SAMAHANI. MAZOEA.

Mume wangu alinishika mkono hadharani mpaka stendi. Watu walituangalia. Waangalie.

Ijumaa, 7 Agosti

Ouma alitaka kutangulia Bondo akanisemee. Nimekataa. Nitajisemea. Nimepiga pasi kitenge kipya.

Jumamosi, 8 Agosti. Bondo

Tulikaa nyumbani kwa mama mkwe. Akinyi kando ya dirisha. Nilieleza yote kwa Kiluo, nikamtaja hata Mzungu wa Rotterdam. Sikuinamisha kichwa. Ouma akasema yaliyotokea Alhamisi, akashindwa kujizuia, akacheka peke yake.

Mama mkwe huuza omena, dagaa wa ziwani, ufukweni tangu ujana wake. Alimgeukia Akinyi, akamuuliza, mimi huwaitaje wateja wangu? Akajijibu mwenyewe.

"Kila mtu ni jaherana, mpenzi wangu. Hata yule mzee asiye na meno. Baba yenu aliwahi kunirudisha kwetu?"

Kisha akaniuliza swali moja tu. Kama nitaacha hiyo 88.

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Nilisema, hapana, Mama. Kule kazini ni kwaheri, na siwezi kumwacha mtu bila kumuaga.

Akinyi akakohoa. Hapa wananiita kwa jina la kwetu, binti wa Awasi, na ndivyo Mama alivyoniita.

"Nyar Awasi, lete maji."

Maji ya kukandia udongo wa mafiga. Nilitoka na ndoo, nikafika nyuma ya nyumba ndipo nikalia.

Jumapili, 9 Agosti. Bondo

Moto wa kwanza asubuhi. Kuni mbichi, moshi mwingi. Udongo kuzunguka mafiga bado una unyevu na alama za vidole vya Mama.

Nimepika ugali na omena. Ugali umeshika chini kidogo. Ouma amekula yote.

Akinyi alikuja baadaye, akavuta kigoda, akakaa. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Nilimpakulia. Alikula, kisha akanyoosha sahani nimwongezee.

Nje kunanyesha mvua nyepesi. Nimebandika chai.