Mwidani Yuko Malindi, Mimi Nasia Mchicha

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Nyumba kimya. Mke wangu Mwidani yuko Malindi kwa binti yetu Sabah, aliyejifungua mapacha. Kaondoka baada ya Idi, kasema anakwenda kumsaidia mtoto kidogo, atarudi. Leo kwenye simu kanambia nimtumie nguo zake zilizobaki kabatini. Zote! Nikauliza, zote za nini? Kasema huko joto, anabadilisha sana. Kwani hapa Mtongwe kuna barafu?

Nimepika mwenyewe. Mchicha wa sokoni, ulikuwa umeshalala chali nilipoununua. Sikujua kama unaoshwa zaidi ya mara moja. Mchanga! Kila nikitafuna — krr, krr. Miaka yote ile nimeendesha kreni bandarini, nikibeba makontena kama viberiti, leo nashindwa na mboga.

Nimekula mkate na chai.

Jumatatu, 7 Aprili

Gershom, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, kaniona namwaga ile sufuria. Yeye ni mtu wa Vihiga, yuko yadi ya makontena. Kasema, "Mzee, unanunua mboga na uwanja wote huu umekaa tu?" Nikamwambia mimi sijapanda hata ua. Kasema niache sukuma kwanza, maji ya kisima chetu yana chumvi, yake mwenyewe ilimfia. Nianze na mchicha, kunde na dania. "Hizo zikikushinda, mzee, basi ununue tu."

Maneno hayo yalinichoma. Nikenda duka la mbegu palepale Likoni.

Mbegu za mchicha, wallahi, ni vumbi! Nilipiga chafya nusu yake ikapotea. Zilizobaki nimezifukia vizuri, kidole kizima kwenda chini, zisiibwe na kuku. Kunde nimezifukia hivyo hivyo. Dania nimezimwaga pembeni karibu na bomba la kisima.

Mgongo! Lakini mgongo wa raha.

Alhamisi, 10 Aprili

Hamna kitu.

Nimefukua kidogo kuangalia. Hamna kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Gershom kaniuliza mchicha nimeuzika au nimeupanda. Mbegu ile hunyunyizwa juu juu tu, ichanganywe na mchanga isirundikane, kisha mtu apitishe mkono kama anayepapasa mtoto. Nimeanza upya. Nimepapasa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ya usiku, na asubuhi — kijani! Mstari mzima wa vijani vyembamba, vimesimama kama askari. Nikapiga takbira peke yangu uani. Nikakata makuti nikavifanyia kivuli. Nikavinywesha maji ya mvua ya pipani, si ya kisima, nisivitilie chumvi. Adhuhuri nikatoka tena kuviangalia. Alasiri tena.

Jirani yetu Nyamvula kachungulia juu ya ua akitafuta mbuzi wake. Kaangalia kijani changu. Kisha kacheka mpaka kakaa chini. "Kaka Mwinyihaji! Umefuga ndago!"

Majani mabaya kabisa, yale ambayo watu huyang'oa wakiyalaani. Mimi nimeyajengea banda.

Mchicha wenyewe kanionyesha: vidoti viwili viwili vyekundu, chini, nilikuwa nimeviwekea mguu juu. Niling'oa ndago yote mbele yake kwa hasira. Kunde nazo zimechomoza zenyewe, hazikusubiri ruhusa ya mtu. Dania bado. Nyamvula kasema mbegu ya dania lazima ivunjwe kati, uisugue na kandambili sakafuni, ndipo uisie. Kaniletea na tawi la nanaa. Ulichomeke tu kwenye kopo, kasema, hilo hata wewe huwezi kuliua.

Tutaona.

Ijumaa, 25 Aprili

Kila kitu kinakua! Hata nanaa. Hata dania, baada ya kandambili.

Baada ya swala nimempigia Mwidani. Nyuma yake mapacha walikuwa wakilia kwa zamu, yeye anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Nikamwambia nimepanda mchicha. Kasema, "Wewe?" Nikasema mimi. Kasema, "Haya, Baba Sabah," kama anavyomjibu mtoto aliyemwambia ameona simba.

Kisha Sabah akachukua simu. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Akaniambia taratibu, kwa heshima, kwamba mumewe yuko melini na hatarudi upesi, na kwamba mama anaonekana ana raha huko. Basi si akae tu? Si mpaka Idi Kubwa tu — akae kabisa. Na mimi nitakuja kuwatembelea nikipenda. "Maana huko, baba, mama hufanya nini siku nzima? Wewe na gazeti lako, yeye na ukuta."

Nikasema nitafikiri. Nikakata simu nikasimama uani. Nimeimwagilia mimea iliyokuwa na maji tayari.

Gazeti si dhambi. Lakini kweli, nilikuwa nalisoma lote.

Jumamosi, 3 Mei

Msiba na kicheko siku moja.

Leo ilikuwa siku ya kula. Mchicha umefika magotini. Nikanunua nazi, nikatoa mbuzi ya Mwidani chini ya meza nikaifuta vumbi, nikaikalia, nikaanza kukuna. Meno yake yakaniingia kidoleni. Natoka uani kuchuma mchicha wangu — mbuzi wa Nyamvula yuko katikati! Anatafuna na ananiangalia bila haya, jani limemning'inia mdomoni. Mbuzi mmoja kamaliza chakula kabla mbuzi mwingine hajakuna nazi.

Nilipiga kelele mpaka Gershom katoka na taulo. Nyamvula kaja mbio, kaomba radhi, kamtandika mbuzi kwa khanga. Vijiti tu vimebaki, mchicha wote. Kunde ziliponea chupuchupu kwa kuwa ziko nyuma ya pipa.

Nilikaa kizingitini. Gershom kakaa nami. Kasema, "Mzee, usilie, mchicha ukikatwa huchipua pembeni. Huyo mbuzi kakupunguzia kazi." Sikuwa nikilia. Ni nazi.

Jioni Nyamvula kaleta gunia la samadi ya mbuzi yuleyule. Hiyo ndiyo faini.

Jumapili, 11 Mei

Gershom hakusema uongo! Kila kijiti kimetoa matawi. Samadi inafanya kazi, namshukuru Mola na yule mwizi.

Kunde nimezichuma majani machanga ya juu, kama Nyamvula alivyonionyesha, mmea ubaki ukiendelea. Nimeosha mara nne. Nimepika kwa nazi, kitunguu na pilipili moja. Tamu! Nilisema "tamu" kwa sauti.

Ndipo nikaona nimepakua sahani mbili.

Ile ya pili nimempa Gershom. Kala, kasifu, kaomba tena. Lakini si yeye niliyempakulia.

Jumanne, 20 Mei

Nimefanya jambo. Asubuhi, umande haujakauka, nimechuma: mchicha fungu zima, kunde, dania, na nanaa ya chai. Nimefunga kwa gazeti lililoloweshwa maji — gazeti limepata kazi. Nikapanga kwenye kikapu, nikafunika jani la mgomba, nikavuka feri nikakipeleka kwenye basi la Malindi. Kondakta kauliza ndani mna nini. Nikamwambia mboga. Kaniangalia: "Malindi hakuna mboga, mzee?"

Za kwangu hakuna.

Jumatano, 21 Mei

Hajapiga simu.

Nimepalilia kilichopaliliwa.

Alhamisi, 22 Mei

Kapiga! Nikapokea kabla haijalia vizuri. Hakuna salamu.

"Baba Sabah, nani huyo?"

Nani nani?

"Aliyezifunga zile mboga. Mwanamume hajui kijiko kinakaa wapi, leo ananiletea dania imefungwa kama maua ya harusi. Kunde zimechumwa ncha tu. Hiyo ni kazi ya mwanamke. Ni nani?"

Nikasema ni mimi. Nikaapa. Kasema nani kanifunza kuchuma kunde. Mimi, mtu mkweli, nikasema Nyamvula.

Nyamvula ni mjane. Nilikuwa nimesahau hilo, wallahi.

"Naja Jumamosi," kasema, akakata.

Nimecheka peke yangu mpaka Gershom kaja kuniuliza kama mimi mzima. Kisha nikaogopa kidogo. Kisha nikacheka tena. Kuna mwanamke ananionea wivu mimi, umri huu, na goti hili!

Ijumaa, 23 Mei

Nimefagia nyumba yote. Nimefagia hata bustani.

Jumamosi, 24 Mei

Kaja. Nilimpokea feri, sikumruhusu kubeba kitu. Kanisalimu kwa ukali, uso upande.

Mlangoni hakukaa, hakuvua buibui, hakunywa maji. Moja kwa moja uani. Na nani yuko pale, ameinama kwenye kunde zangu? Nyamvula, kaja kuomba mboga ya mchana! Nikasema ndani ya moyo, leo nimekwisha.

Nyamvula kainuka, kamkumbatia, kasema, "Mwidani, shoga yangu, mumeo huyu! Kafuga ndago, kaijengea banda!" Kamhadithia yote. Na mbuzi. Na kandambili. Mwidani kajikaza, kajikaza — kisha kicheko kikamtoka, kile cha kwenye simu, hapa, uani kwetu. Kaushika ukuta asianguke.

Nyamvula kaondoka na mboga zake. Mwidani kazunguka. Kagusa mchicha, kanusa nanaa, kasema dania imesongamana. Kavua buibui, kaniwekea begani kama mimi ni msumari wa ukutani. Kapima kwa macho ile sehemu tupu karibu na ukuta wa Gershom. Ndipo kafungua fundo la leso yake. Nikadhani ni nauli. Mbegu! Bamia, kasema, za jirani wa Sabah, zinavumilia chumvi. Kataka jembe.

Simu ikalia. Sabah. Kafika salama? Kafika. Na anarudi lini, baba, nimkatie tiketi ya Jumatatu au Jumanne?

Nikamgeukia Mwidani. Alikuwa amepiga magoti tayari, udongo mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia Sabah anauliza unarudi lini.

"Mwambie nasia bamia," kasema, hakuinua kichwa.

Nikamwambia. Nilisikia pacha mmoja akianza kulia, na wa pili akijibu.

"Baba," kasema, "bamia huchukua muda gani?"

Nikasema ngoja nikaulize. Gershom yuko mlangoni kwake, kanionyesha vidole viwili: miezi. Sijampigia Sabah bado. Nimekaa ndani naandika haya haraka, huku nje jembe linakwenda, na sasa Mwidani ananiita, anataka maji, ya mvua, anasema, si ya kisima —