Bunduki ya Baba Imevuka Mpaka

Shamba la Chai la Pachaikadu,
Milima ya Nilgiri,
9 Agosti 1986

Kaka yangu Nanaiah,

Naomba barua hii ikukute una vidole vyako vyote kumi na hamu ya kula, kwa maana katika barua yako ya mwisho ulisema maji yanaganda kwenye chupa na mkate mnaukata kwa shoka. Sisi huku ni wazima. Mume wangu Kushalappa anakusalimu sana, amepata mafua lakini hataki aitwe mgonjwa. Mama nilimwacha mzima mwezi Juni. Goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, ila sauti iko palepale, na jirani wa ng'ambo ya mashamba ya mpunga bado anamsikia akigombeza kuku.

Sasa tafuta pa kukaa, Kaka. Bunduki ya Baba iko huku kwangu.

Usiikunje barua. Nakumbuka vizuri ulichosema siku ile ya msiba, baada ya kupiga zile risasi mbili hewani kuwaarifu majirani kwamba Baba hayupo tena. Uliitundika kwenye msumari wake ukasema isiguswe mpaka utakapostaafu jeshi. Kila mtu alisikia, na mimi nilisikia kuliko wote. Lakini soma mpaka mwisho, halafu ukasirike kwa jumla, mara moja tu.

Mwezi Juni nilikwenda kumwona Mama. Mvua ilikuwa imepata njia kwenye paa, na ukuta wa bunduki ulikuwa umelowa. Niliishusha. Ua la sikukuu ya silaha ya mwaka jana lilikuwa bado mtutuni, limeoza, na kuzunguka pale pana kutu nyekundu. Mama alinitazama nikiifuta kwa pindo la sari yangu, akasema kitu hakiponi kwa kutundikwa, niichukue. Kwa hiyo kutu ni sababu ya kweli. Ila sitakudanganya, si sababu yote. Niliitaka. Tangu siku ile nilipoipiga nazi juu ya mnazi na risasi yako ikaenda kuua tawi la jirani, na Baba akaamua kwamba mshindi ndiye atakayeisafisha, ni mimi niliyeipaka mafuta miaka sita. Wewe ulikuwa unacheza mpira wa magongo.

Mimi na wewe tumekua tukidhani bunduki haitaki karatasi. Kwetu Kodagu mtu anazaliwa nayo kama jina la ukoo, kuna kile cheti cha kusamehewa leseni tu, basi. Kumbe ukivuka mpaka wa jimbo, cheti hicho huku wanakitazama kama picha ya harusi ya mtu wasiyemjua. Wanakisifu, kisha wanakuuliza leseni iko wapi.

Kwanza nilitafuta kibali cha kuisafirisha, siku kumi tu, na ndani yake imeandikwa basi gani na njia gani. Nikaifunga kwenye sari yangu ya zamani ya kijani, risasi sina hata moja, nikapanda basi la alfajiri. Watu walidhani nimebeba mwavuli wa mzee. Kwenye kizuizi cha msituni polisi akapanda, akapapasa kile kitambaa, na basi zima likageuza shingo. Aliisoma karatasi yangu mara tatu, akauliza kama nakwenda vitani. Nikamwambia nakwenda kwa mume wangu. Akasema yeye mwenyewe ameoa, tofauti ya mambo hayo mawili hajaiona, akapiga mhuri. Kaka, nilicheka mpaka Gudalur.

Huku haikuingia nyumbani. Sheria inataka ikae dukani kwa muuza bunduki aliyesajiliwa mpaka leseni itoke, na stakabadhi yake inaishia tarehe 31 Agosti. Ikipita siku hiyo haina leseni, inakwenda ghala la polisi, na wanaojua wanasema silaha ikiingia humo huwa haikumbuki njia ya kutoka. Tarehe 3 Septemba ni sikukuu yetu ya silaha. Unaona hesabu ilivyo. Siku zote hizi nimeishi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, nakula nimesimama.

Ofisi ya wilaya ina karani wa leseni anayeitwa Periyasamy, sajini mstaafu, masharubu yamenyooka kama rula. Siku ya kwanza alinipa fomu. Ina sehemu ya kueleza kwa nini unataka bunduki, na visanduku vya kuchagua: kujilinda, kulinda mazao, michezo. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kuitia ua mtutuni siku ya sikukuu na kuiinamia pamoja na watu wangu. Alizunguka fomu yote kwa kalamu yake, mbele na nyuma, kisha akasema, "Mama, serikali haikuweka kisanduku cha maua." Tukakubaliana kulinda mazao, na si uongo, nguruwe pori wamefukua viazi vyangu vyote.

Halafu likaja la namba. Tulikwenda pamoja dukani kuikagua. Tarakimu mbili za mwisho kwenye chuma zimefutika kabisa, na Periyasamy akafunga kalamu, akasema bunduki isiyosomeka namba haipewi leseni. Nikamwomba anipe mgongo, ashike cheti cha Baba, asinionyeshe. Nikaitaja namba yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama watoto wanavyotaja jedwali la kuzidisha. Miaka sita nimepitisha kitambaa juu yake, itanipoteaje? Akalinganisha. Akaniuliza kama najua na namba ya buti zake. Tangu siku hiyo akawa ananiagizia chai nikifika, na mwenye duka akazichonga upya tarakimu zile mbele ya mashahidi, kwa kibali, kwa mhuri.

Kisha inspekta akaja nyumbani kuulizia tabia yangu. Alimtafuta Kushalappa. Kushalappa akamwambia mwombaji yuko jikoni. Inspekta akashauri, kwa upole, kwamba mambo yangekwenda haraka kama leseni ingekuwa kwa jina la bwana, na Kushalappa naye, Mungu ampe maisha, akajibu kwamba yeye akishika bunduki hata ndege hawaruki. Majirani wakaulizwa. Mama wa nyumba ya juu alisema sina ugomvi na mtu, isipokuwa nyani. Limeandikwa hivyo hivyo katika faili, nimeliona kwa macho yangu.

Ilipofika wiki iliyopita, kila kitu kilikuwa tayari. Mkuu wa ukoo wetu ameandika kwamba hana pingamizi. Mama ameweka dole gumba. Polisi wa kule wamejibu, polisi wa huku wamejibu. Faili langu limenenepa mpaka limefungwa kwa kamba. Ilibaki karatasi moja tu, ya mrithi mwingine, kwamba anaridhia bunduki iandikwe kwa jina la dada yake. Yaani wewe.

Kaka, hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Ningeweza kukuandikia tangu Juni. Barua inafika kwa siku kumi, najua. Nimejiambia posta haiaminiki, nimejiambia una kazi nyingi, yote maneno. Niliogopa utasema hapana. Nikakaa mezani, nikachukua kalamu ya Kushalappa, nikaiandika mwenyewe. Nimeweka sahihi yako, na ule mkia unaopinda chini. Kazi hii ulinifundisha wewe, usijifanye umesahau. Nani aliyekuwa ananihonga miwa niweke sahihi ya Baba kwenye ripoti zake za shule? Kila hesabu uliyofeli imepita mkononi mwangu. Nilijiambia ni deni la miwa, likawa limeisha.

Jumatano nilimpelekea Periyasamy. Alikuwa anakula bajia za dengu. Akasoma, akatabasamu kwa sababu ilikuwa ya mwisho, akachukua mhuri, akaupumulia. Kisha mkono ukasimama.

"Kaka yako ni askari kweli?"

Nikasema miaka kumi na moja sasa.

"Basi hii hakuiandika yeye." Aligeuza karatasi, akaniwekea kidole juu ya anwani. "Askari haandiki alipo, mama. Nimetumikia miaka kumi na nane, mke wangu hakuwa na kitu ila namba ya posta ya jeshi. Hapa pameandikwa Leh. Umejuaje yuko Leh?"

Mimi, Kaka. Binti wa askari, dada wa askari, niliyeandika ile namba ya posta juu ya bahasha zako mpaka naiota. Nimeweka sahihi sawa, nimeweka tarehe sawa, nikakosea hapo.

"Sijui aliko," nikamwambia. "Nimekisia kwenye ramani ya kalenda."

Ukweli ndio huo. Tangu upelekwe huko juu, nikikuwaza sijui nikuweke wapi. Nilitazama ile ramani ya jikoni, nikatafuta mji wenye baridi ya kugandisha chupa, nikakuweka Leh. Miezi saba sasa uko Leh. Nakutengea nyumba ya mawe yenye moto. Nilipokuwa naandika ile anwani sikufikiri hata kidogo, niliandika mahali unapokaa.

Nililia pale ofisini, mbele ya watu. Nilisubiri aite polisi, maana kuna adhabu ya jambo hilo, na imebandikwa ukutani kwake kwa herufi kubwa. Periyasamy hakuita mtu. Alichukua bajia moja, bado inachuruzika mafuta, akaiweka juu ya sahihi yako, akaibonyeza kwa kidole. Wino ukaenea.

"Karatasi imechafuka," akasema. "Iliyochafuka haipokelewi. Mwambie kaka yako alete nyingine, na safari hii aandike kwa mkono wake. Leo ni tarehe sita. Siku zinatosha mkiacha upumbavu."

Kisha akala ile bajia.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta fomu tupu. Nimejaza jina la Baba na namba ya bunduki tu. Mstari wako uko wazi, sikuugusa hata kwa penseli. Kamanda wako naye agonge mhuri pale chini. Ukiituma mara moja itafika kabla ya mwisho wa mwezi, na tarehe tatu Septemba nitaitia ua jekundu mtutuni, nipike nguruwe na matonge ya mchele, na sahani yako nitaiweka. Itakuwa yangu kwenye karatasi, Kaka, sitaki kukuficha hilo. Sitakuwa naitunza kwa ajili yako. Ukija likizo utaiomba, nami nitakupa, na baadaye utaisafisha.

Na kama hutaki, usitume chochote. Nimeshamuuliza Periyasamy, kuna kibali cha kuirudisha, basi lile lile. Nitaipaka mafuta, nitamlipa fundi wa paa, nitaitundika kwenye msumari wake ikusubiri ustaafu. Nitakununia mpaka Krismasi ya Wakristo, kisha yataisha. Mimi ni dada yako na wewe ulikuwa umesema. Lakini ukifikiri, nifikirie nikiwa nimekaa ngazini na kile kitambaa, na wewe unapita na gongo lako la mpira, unaniuliza kama sijachoka. Sikuwa nimechoka hata siku moja.

Mama anakupa baraka na anasema uvae soksi mbili mbili. Shemeji yako anapiga chafya ya salamu. Nami nasubiri tarishi kuanzia siku ya ishirini tangu leo, mlangoni, na mwavuli, mvua inyeshe isinyeshe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye hamu,
Dechamma

Nyongeza: Kwenye anwani weka namba ya posta tu. Mahali ulipo usiandike, hata ukitamani kuniambia. Mimi nitaendelea kukuweka Leh.